Asilimia Kumi kwa Muda Gani? Hesabu ya Fedha kwa Vijana wa Mlima Meru

Mwezi wa Mei, mvua za masika zinapoanza kupungua, mibuni katika miteremko ya Mlima Meru huwa imebeba matunda mabichi. Mkulima wa Poli au Nkoaranga huyatazama na kuiona humo fedha ya mwaka mzima, lakini hawezi kuyanunulia hata kilo moja ya sukari. Buni itaanza kuiva baada ya miezi kadhaa, na malipo yake huenda yakachelewa zaidi. Kabla ya siku hiyo mtoto ataugua, daftari litajaa, na sare ya shule itachanika. Ndipo anapotokea mtu mwenye fedha taslimu na kusema: "Nitakukopesha shilingi laki moja, kwa asilimia kumi tu."

Hatari ya maneno hayo imo katika jambo ambalo halikusemwa. Asilimia kumi kwa muda gani?

Mwanafunzi wa sekondari amekwisha kufundishwa kanuni ya riba. Huikariri kwa Kiingereza, huiandika ubaoni kwa herufi zake chache, na hupata alama zake katika mtihani. Akirejea nyumbani husikia maneno mengine: mkopo, rejesho, upatu, kikoba, "kausha damu". Aghalabu hakuna mtu aliyemwonyesha kwamba kanuni ile ya ubaoni na maneno haya ya nyumbani yahusu jambo moja. Makala haya yanakusudia kuunganisha pande hizo mbili, kwa kutumia hesabu ambazo kila mwanafunzi anaweza kuzifanya mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

FEDHA YA MSIMU NA MATUMIZI YA KILA SIKU

Tuchukue familia ya kubuni, ili tusimguse mtu yeyote. Familia hii ina shamba la kahawa na migomba. Maziwa na ndizi zinazouzwa katika soko la Tengeru hutosha kununua chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Mahitaji makubwa hutegemea kahawa. Tuseme mwishoni mwa Novemba wanalipwa shilingi 1,200,000. Ukigawanya kiasi hicho kwa miezi 12 utapata shilingi 100,000 kwa kila mwezi.

Lakini miezi haifanani. Desemba ina sikukuu na wageni, na Januari shule hufunguliwa. Ni kweli kwamba ada katika shule za sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, ilifutwa kuanzia mwaka 2016. Hata hivyo viatu, sare, madaftari na nauli bado vinataka fedha. Tuseme miezi hiyo miwili imekula shilingi 800,000. Zilizobaki ni shilingi 400,000 kwa miezi kumi, yaani shilingi 40,000 kwa mwezi. Kama familia itaendelea kutumia shilingi 100,000 kila mwezi, fedha itakwisha siku ya mwisho ya Mei. Toka hapo hadi malipo ya mwisho wa Novemba ni miezi sita, au majuma 26. Msomaji ayakumbuke majuma hayo 26, kwa maana tutayarudia.

Familia hii haikucheza kamari wala haikulewa. Imekumbwa na ugumu wa kalenda: fedha huja mara moja, na haja huja kila siku. Mtu mwenye mshahara wa mwezi katika mji wa Arusha hukutana na ugumu huo huo, ila kwake msimu ni mfupi. Tarehe 20 ndiyo Mei yake. Kwa hiyo somo la kwanza la fedha kwa kijana ni kuchora kalenda ya miezi 12 na kuandika katika kila mwezi ni nini kitaingia na ni nini kitatoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kalenda hiyo ndiyo daftari la mwanzo.

RIBA HUENDA PAMOJA NA WAKATI

Fedha iliyokopeshwa tuiite mtaji. Riba ni malipo ya kuutumia mtaji wa mwingine kwa muda fulani. Kanuni yake ya kawaida ni hii:

Riba = Mtaji × Kiwango × Muda ÷ 100

Katika kanuni hiyo, kiwango na muda sharti vitumie kipimo kimoja cha wakati. Mwalimu wa fizikia hakubali mwanafunzi aandike kwamba mwendo wa gari ni "60" bila kueleza kama ni kilometa kwa saa au mita kwa sekunde. Vivyo hivyo mwalimu wa hisabati asikubali "asilimia 10" iliyoandikwa peke yake. Ni namba isiyo na kipimo, na namba isiyo na kipimo haina maana.

Hebu sasa familia yetu ikope shilingi 100,000 mwishoni mwa Mei na kuzilipa zote kwa pamoja mwishoni mwa Novemba. Kwa kanuni hiyo, deni litakuwa kama ifuatavyo:

Kwa asilimia 10 kwa mwaka: shilingi 105,000.
Kwa asilimia 3.5 kwa mwezi: shilingi 121,000.
Kwa asilimia 10 kwa mwezi: shilingi 160,000.
Kwa asilimia 10 kwa juma: shilingi 360,000.

Mwanafunzi ataona kwamba asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo masikioni ni ndogo kuliko asilimia 10 kwa mwaka, ni ghali mara nne zaidi: riba ya shilingi 21,000 badala ya 5,000. Anayelinganisha namba bila kulinganisha muda atachagua vibaya, hata kama anajua kuzidisha na kugawanya.

Wakopeshaji wengi wa mitaani hawaishii hapo. Riba isiyolipwa mwishoni mwa kipindi huongezwa katika mtaji, na kipindi kinachofuata riba hutozwa juu ya jumla hiyo. Hii ni riba juu ya riba. Kwa asilimia 10, kila kipindi huzidisha deni kwa 1.1. Baada ya miezi sita tutazidisha 100,000 kwa 1.1 mara sita, na kupata shilingi 177,156. Baada ya majuma 26 tutazidisha kwa 1.1 mara ishirini na sita. Mwalimu awaache wanafunzi wafanye hesabu hiyo wenyewe, hatua kwa hatua, kabla ya kuwapa jibu. Jibu ni shilingi 1,191,818.

Kahawa yote ya mwaka ilikuwa shilingi 1,200,000. Laki moja iliyokopwa kwa ajili ya dawa na madaftari imelimeza shamba zima, na kuiachia familia shilingi 8,182. Si ajabu kwamba watu wenyewe wameipa mikopo ya namna hii jina la kausha damu. Methali ya zamani yasema kukopa harusi, kulipa matanga. Hesabu hii yaonyesha jinsi harusi inavyogeuka kuwa matanga katika muda wa miezi sita.

FEDHA INAYOPOKEWA MKONONI

Kuna mtego wa pili. Mkopeshaji anaweza kusema kwamba mkopo ni shilingi 100,000 kwa asilimia 10 kwa mwezi, kisha akakata shilingi 10,000 ya "fomu" kabla ya kuitoa fedha. Mkopaji hupokea 90,000 na baada ya mwezi hulipa 110,000. Amelipa 20,000 kwa kuitumia 90,000. Gawanya, kisha zidisha kwa 100: riba ya kweli ni asilimia 22.2 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya ile iliyotajwa. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba mtaji wa kweli ni ule uliofika mkononi.

Tanzania ilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018 ili kuwaweka wakopeshaji wadogo chini ya leseni na usimamizi. Kwa taasisi za daraja la pili, yaani zile zinazokopesha bila kupokea amana za wananchi, Benki Kuu iliweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Mikopo ya simu nayo imeleta kazi mpya. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa njia ya mtandao bila leseni. Mtu huweza kukopa akiwa kitandani usiku, bila shahidi, na kabla ya kusoma masharti. Sheria humsaidia aliyeonewa, lakini kwa kawaida humfikia baada ya kuumia. Hesabu humsaidia kabla hajatia sahihi.

KANUNI YA SABINI NA MBILI

Si kila mara mtu atakuwa na karatasi mkononi. Ipo njia fupi ya kukadiria muda ambao kiasi fulani huchukua kuongezeka maradufu kwa riba juu ya riba: gawanya 72 kwa kiwango cha riba. Njia hii si mpya. Imo katika kitabu cha hisabati cha Luca Pacioli kilichochapishwa Venice mwaka 1494, wakati wafanyabiashara wa huko walipokuwa wakihitaji hesabu za haraka.

Kwa asilimia 10 kwa mwezi, 72 ÷ 10 ni 7.2. Deni litakuwa maradufu baada ya miezi saba na siku chache. Kwa asilimia 10 kwa juma, litakuwa maradufu baada ya majuma saba hivi, na katika majuma 26 litakuwa limerudufika zaidi ya mara tatu. Kwa asilimia 6 kwa mwaka, akiba iliyowekwa leo na kijana wa miaka 16 itakuwa maradufu atakapokuwa na miaka 28. Hesabu ni ile ile. Anayekopa inamla, na anayeweka akiba inamlisha. Kanuni hii ni ya kukadiria, na hukosea kidogo viwango vinapokuwa vikubwa sana, lakini yatosha kumzuia mtu asiingie shimoni.

FEDHA ILIYOLALA CHINI YA GODORO

Mwanafunzi aliyeyaelewa haya anaweza kusema kwamba ni heri kutokopa kabisa, bali kuificha fedha nyumbani. Hatari ya moto na ya mwizi anaijua. Hatari ya tatu haionekani kwa macho. Noti hubaki na namba yake, lakini uwezo wake wa kununua hupungua bei zinapopanda.

Katika sehemu kubwa ya miaka ya 1980 bei nchini Tanzania zilipanda kwa takriban asilimia 30 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, shilingi 100 iliyofichwa Januari iliweza kununua, Januari iliyofuata, bidhaa ambazo zamani zilikuwa za shilingi 77 tu. Katika miaka ya karibuni mfumuko wa bei umekuwa mdogo, aghalabu kati ya asilimia 3 na 5 kwa mwaka. Hata hivyo kanuni ya sabini na mbili yatuambia kwamba kwa asilimia 4 bei zitakuwa maradufu baada ya miaka 18, yaani katika umri wa mtoto mmoja tangu kuzaliwa hadi kuwa mtu mzima. Mzazi anayewekea akiba elimu ya mtoto mchanga hana budi kuliweka jambo hilo katika hesabu zake.

Waarusha na Wameru walikuwa na jibu lao la zamani: ng'ombe. Mtamba hukua, huzaa na kutoa maziwa. Kwa maneno mengine, huleta riba, tena bei yake hupanda pamoja na bei nyingine. Lakini akiba hii ina udhaifu wake. Ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, huweza kuua ndama wengi. Ukame wa mwaka 2009 uliteketeza mifugo mingi katika tambarare za kaskazini mwa Tanzania. Kadhalika ng'ombe hagawanyiki: huwezi kuuza mguu mmoja ili ununue daftari. Kila namna ya akiba ina mambo matatu ya kupimwa: inakua kwa kasi gani, inaweza kupotea kwa njia gani, na inageuzwa kuwa fedha taslimu kwa urahisi gani. Mwenye busara haweki yote mahali pamoja.

UPATU WA ZAMU NA UPATU WA UDANGANYIFU

Watu kumi wakichanga shilingi 10,000 kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao akapokea shilingi 100,000, huo ni upatu wa zamu. Hakuna fedha iliyozaliwa wala iliyopotea. Kila mmoja ametoa 100,000 na kupokea 100,000. Faida yake ni kupata kiasi kikubwa kwa wakati mmoja, na hatari yake ni mwenzake kukimbia baada ya kupokea. Vikoba huendelea mbele zaidi, kwa maana wanachama huweka akiba, hukopeshana, na riba hurudi kwao wenyewe.

Upatu wa piramidi hufanana na huo kwa sura, lakini hesabu yake ni tofauti kabisa. Aliyejiunga hulipwa kutokana na fedha za wanaojiunga baada yake. Tuseme kila mtu lazima alete wawili. Ngazi ya kwanza ni watu 2, ya pili 4, ya tatu 8. Ngazi ya kumi ni watu 1,024. Ngazi ya ishirini ni 1,048,576, ambao ni wengi kuliko wakazi wote wa Jiji la Arusha waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2022. Ngazi ya ishirini na sita ni 67,108,864, ilhali sensa hiyo ilipata Watanzania 61,741,120. Hata kila mtoto mchanga angejiunga, watu wangekwisha. Zaidi ya hayo, popote mchezo utakapokoma, ngazi ya mwisho peke yake ina watu wengi kuliko ngazi zote za juu zikijumlishwa. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya washiriki hawatapata kitu, hata kama hakuna aliyeiba.

Hili si jambo la kubuni. DECI iliwavuta Watanzania wengi "kupanda mbegu" za fedha kwa ahadi ya kuvuna nyingi zaidi baada ya muda mfupi. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani viongozi wake. Wengi wa waliopanda hawakuwa wajinga. Walikuwa hawajafundishwa kuzidisha kwa mbili mara ishirini na sita.

MCHANGO WENYE HESABU

Vijana wa Meru wana mfano bora katika historia yao. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru walichanga fedha, wengi wao kidogo kidogo, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kulieleza shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Ardhi haikurudi kwa sababu ya safari hiyo, lakini sauti ya kijiji cha mlimani ilisikika duniani. Mchango ule haukumwahidi mtu kwamba fedha yake ingezaa nyingine. Ulikuwa na kusudi lililojulikana na lililokubaliwa na wachangaji. Mwanafunzi akiulinganisha na piramidi ataiona tofauti upesi.

MAMBO YA KUFANYA DARASANI

Kwanza, kila kundi la wanafunzi lichore kalenda ya fedha ya familia ya kubuni: mkulima wa kahawa, mwuza mboga wa soko la Kilombero, au dereva wa bodaboda. Mwalimu asiwatake watoto waeleze madeni ya nyumbani kwao. Somo hili halikusudiwi kumwaibisha mtu.

Pili, darasa liwe na daftari la bei. Kila mwezi wanafunzi waandike bei ya vitu vile vile vitano, mathalani debe la mahindi, mkungu wa ndizi, kilo ya sukari, mche wa sabuni na nauli ya kwenda mjini. Baada ya mwaka wakokotoe asilimia ya ongezeko la kila kimoja. Watajifunza kwamba bei hazipandi zote kwa kasi moja, na kwamba mahindi hushuka bei baada ya mavuno.

Tatu, chukueni punje za mahindi na karatasi. Wekeni punje 1, kisha 2, 4, 8, na kuendelea, hadi punje zitakapokwisha. Andikeni ni hatua ya ngapi mliposhindwa, kisha kokotoeni ni punje ngapi zingehitajika kwa hatua ya ishirini na sita.

Nne, wanafunzi wakariri maswali manne ya kumwuliza kila mkopeshaji. Nitapokea kiasi gani mkononi? Nitalipa jumla ya kiasi gani? Nitalipa lini? Nikichelewa itakuwaje? Mkopeshaji asiyeweza kujibu maswali hayo kwa maandishi hafai kukopwa.

Azimio lililopitishwa katika mji huu wa Arusha mwaka 1967 lilifundisha kwamba msingi wa maendeleo ni watu na juhudi zao, na kwamba fedha ni matokeo ya juhudi hizo. Fundisho hilo linatuongezea sababu ya kuwa waangalifu. Shilingi 1,200,000 ya familia yetu ilikuwa matokeo ya mwaka mzima wa kupalilia, kupogoa na kuchuma, kazi ambayo watoto wenyewe waliishiriki. Riba ya majuma 26 iliichukua kwa sababu hakuna mtu nyumbani aliyeuliza swali moja. Mwanafunzi aliyesoma makala haya na alifikishe nyumbani swali hilo leo jioni: asilimia kumi kwa muda gani?